Ndoo, Daftari na Halmashauri ya Vijijini Wakati wa Janga

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wahudumu wa afya, ndugu zangu nyote.

Nimeombwa nizungumzie namna halmashauri ya vijijini inavyokabiliana na janga, kama lile la korona, huku shida za kila siku za wananchi zikiendelea kubisha hodi. Naomba nianze na ndoo.

Ndoo yenyewe mnaikumbuka. Ya plastiki, ina koki chini, imewekwa juu ya stuli ya mbao kwenye lango la soko, na pembeni kipande cha sabuni kimening'inizwa ndani ya wavu. Wiki ya kwanza ilikuwa na maji, na kijana alisimama pale kumhimiza kila anayeingia anawe. Wiki ya pili kijana hayupo. Wiki ya tatu ukifungua koki hakitoki kitu, sabuni imekauka hadi imepasuka, na watu wanaipita ndoo kama wanavyoupita mti. Tukasema wananchi wamepuuza. Mimi nilisimama langoni asubuhi nzima nikitazama, na kupuuza sikukuona. Nilimwona mama mmoja akifungua koki, akaitikisa ndoo, akaikuta nyepesi, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia zake. Kikao kilipitisha fedha za ndoo, za koki na za stuli. Fedha za maji hakikupitisha, wala hakikuandika jina la mtu wa kuyateka.

Mwaka 2020 watu wapatao bilioni 2.3 duniani hawakuwa na maji pamoja na sabuni majumbani mwao. Hao ndio walioambiwa wanawe mikono mara kwa mara. Na wengi wao wanaishi chini ya halmashauri kama hii, ambayo ajenda ya kisima imo kwenye makabrasha yake mwaka hata mwaka. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema janga lilitukuta ghafla. Virusi ndivyo vilivyokuwa vipya. Kisima kilichokauka kilikuwa na umri wake.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki. Halmashauri ya vijijini haina maabara, haitengenezi chanjo, haifungi mipaka ya nchi. Lakini ina jambo moja ambalo wizara yoyote haina, nalo ni kujua nani anakaa nyumba ipi. Inajua bibi anayeishi peke yake nyuma ya mlima. Inajua kaya inayolea mtoto mwenye ulemavu, na mzee mwenye kisukari ambaye dawa zake huletwa na mjukuu. Ujuzi huo mara nyingi tuliuacha kichwani mwa mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa tukisubiri waraka.

Na waraka ulikuja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likauita ugonjwa huu janga la dunia. Baada ya hapo maelekezo yalishuka kwa kasi, na karatasi iliyokwenda mjini ndiyo hiyohiyo iliyokwenda kijijini. Kaeni nyumbani. Pigeni simu mkiona dalili. Msikaribiane. Sasa mwambie akae nyumbani mtu ambaye maji yake yako mwendo wa saa nzima. Mwambie apige simu mtu ambaye lazima apande kilimani ndipo mtandao ushike. Sisemi maelekezo yalikuwa ya kupingwa, maana yaliandikwa na watu waliokuwa wakipambana na jambo zito. Nasema yalihitaji kushonwa upya kwa kipimo cha mahali, na fundi wa kushona alikuwa ni halmashauri.

Chukueni soko. Kitaalamu sasa tunajua vizuri kwamba ugonjwa huu huenea zaidi kwa hewa, ndani ya vyumba visivyopitisha upepo, na kwamba hatari nje, kwenye uwazi, ni ndogo zaidi. Soko la kijijini kwa kawaida liko uwanjani. Kulifunga ni kumkatia mkulima njia yake ya fedha na kumkatia mgonjwa njia ya kupata nauli ya kwenda hospitali. Kulitawanya, yaani kuziachanisha meza, kugawa siku za mnada kwa vijiji, kuwatoa wauzaji waliobanana kwenye banda na kuwapa nafasi chini ya miti, ni kazi ya mtendaji mwenye kamba na vigingi. Haihitaji mfadhili.

Badala yake fedha nyingi, katika nchi nyingi, zilikwenda kwenye kupuliza dawa barabarani. Picha zilipendeza: wanaume waliovaa mavazi meupe, gari, ukungu wa klorini. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza waziwazi kwamba kupuliza dawa mitaani hakupendekezwi, kwa sababu uchafu na vumbi huiua nguvu dawa hiyo, na inaweza kumdhuru mtu. Hilo linanikera mpaka leo. Petroli ya gari lile ingejaza ndoo ya lango la soko kwa miezi.

Nirudi kwenye ule ujuzi wa nani anakaa wapi. Kuwa kichwani mwa mtu hautoshi, lazima uandikwe. Naliita daftari la kaya, na sina jina la kitaalamu zaidi ya hilo. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwalimu mmoja wanakaa pamoja na kulijaza nyumba kwa nyumba: wakazi ni wangapi, wazee wangapi, nani ana ugonjwa wa kudumu na anatumia dawa gani, nani ni mjamzito, nani hawezi kutembea, maji yanatoka wapi, simu ya kumpata ni ya nani. Jambo moja msilifanyie mzaha: daftari hili si la kubandikwa ukutani. Jina la mgonjwa likivuja, mwaka unaofuata hakuna atakayesema ukweli. Lihifadhiwe zahanati, lifunguliwe na watu wanaojulikana kwa majina, na kila anayelifungua asaini.

Faida yake niliielewa vizuri chanjo zilipofika. Chupa ya chanjo ya AstraZeneca, katika mafungu mengi yaliyosambazwa, ilikuwa na dozi 10. Ilisafirishwa kwenye mnyororo baridi, yaani ikitunzwa kwenye baridi njia nzima, nyuzi 2 hadi 8, na ikishatobolewa ilitakiwa iishe ndani ya saa 6. Sasa mfikirieni muuguzi. Ameamka kabla ya jua, amefunga kasha la baridi nyuma ya pikipiki, amevuka mto, amefika kitongoji cha mwisho. Chini ya mti wapo watu wanne. Anaitoa chupa, anaitazama. Akiitoboa, dozi sita huenda zikamwagwa, naye ataulizwa kwa nini zimepotea. Asipoitoboa, watu wanne waliotembea tangu alfajiri watarudi na mikono yao mitupu, na hatawaona tena. Uamuzi huo anauachiwa peke yake, chini ya mti, na barafu inayeyuka.

Muuguzi huyo hakukosa moyo wala ujuzi. Alikosa orodha. Kama daftari lingekuwepo, siku moja kabla mhudumu wa jamii angepita kwenye nyumba kumi na mbili zenye wazee na wenye maradhi ya kudumu, na watu kumi wangekuwa wanasubiri. Na yule asiyeweza kutembea angefuatwa mlangoni wakati chupa bado iko wazi. Nimesikia kwenye vikao vingi watu wa vijijini wakilaumiwa kwamba wameikataa chanjo. Wapo waliokataa, siwafichi. Lakini wapo wengi ambao chanjo haikuwahi kufika walipo katika saa zile sita.

Wanaokataa nao tuwasikilize vizuri, kwa sababu mara nyingi wanachokikataa si sindano. Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya 2018 na 2020, mlipuko wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200. Zilikuja gari, mahema, wataalamu na fedha nyingi. Wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo, surua ilikuwa inaua watoto. Kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000. Na watu wa Kivu Kaskazini na Ituri walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi bila msafara wowote kuja kwa ajili hiyo. Wakauliza: mbona mnaujali ugonjwa huu mmoja tu? Vituo vya tiba vilishambuliwa, wahudumu wakauawa. Mauaji hayana utetezi. Lakini swali lilikuwa la haki, na aliyepaswa kulijibu mapema ni uongozi wa karibu na wananchi, kwa kusema: kwa gari hilihili lililoleta vifaa vya Ebola, tutaleta pia chanjo ya surua na neti.

Na korona ilirudia somo hilo kwa dunia nzima. Mwaka 2020 watoto milioni 23 walikosa chanjo zao za msingi, milioni 3.7 zaidi ya mwaka uliotangulia. Kliniki zilifungwa, au akina mama waliogopa kwenda, au muuguzi yuleyule mmoja alihamishiwa kazi ya janga. Hapa ndipo napotofautiana na utaratibu wa kuweka janga kwenye kamati yake, na akaunti yake, na gari lake, huku mahitaji ya kawaida yakisubiri upande wa pili. Muuguzi ni mmoja. Barabara ni moja, na ikikatika mvua ya kwanza, imekatika kwa mjamzito na kwa mgonjwa wa korona sawasawa. Kila shilingi, rupia au dola ya dharura inayopita mikononi mwa halmashauri iulizwe: mwaka ujao, ugonjwa ukiisha, utabaki nini hapa? Hema halibaki. Kisima kinabaki. Umeme wa jua juu ya paa la zahanati unabaki, na usiku wa manane unamwangazia mkunga.

Mnaweza kuniambia haya ni maneno ya ukumbini. Basi tutazame Kerala, kusini mwa India. Jimbo lile lilianza mwaka 1996 kushusha sehemu kubwa ya fedha za maendeleo hadi kwenye mabaraza ya vijiji, yale wanayoyaita panchayati, na mwaka 1998 likaanzisha mtandao wa vikundi vya wanawake unaoitwa Kudumbashree. Machi 2020 India ilipofungwa nchi nzima, mabaraza yale pamoja na wale wanawake walifungua majiko ya jamii zaidi ya 1,000 katika muda wa siku chache, na chakula kikapelekwa mlangoni kwa wagonjwa, wazee na vibarua waliokwama. Kerala nayo iliugua, tena sana, mawimbi yaliyofuata. Sitawadanganya kwamba palikuwa peponi. Ila ile kasi ya siku za mwanzo haikununuliwa mwaka 2020. Baraza lilikuwa limezoea kupanga fedha zake kwa zaidi ya miaka 20, na wale wanawake walikuwa tayari wanajua kila mlango.

Niseme kidogo kuhusu vikao, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza nje. Halmashauri isiyoweza kukutana haiwezi kuidhinisha hata ununuzi wa sabuni. England, sheria ya mwaka 1972 iliwataka madiwani wakutane ana kwa ana, kwa hiyo zikatungwa kanuni za muda zilizoruhusu vikao vya mtandaoni kuanzia Aprili 2020, na mwanzoni mwa Mei 2021 zikakoma, hata mabaraza madogo ya vijijini yakalazimika kurudi ukumbini. Msisubiri janga lingine ndipo mtazame kanuni zenu za kudumu zinasema nini kuhusu akidi, na nani ana mamlaka ya kutumia kiasi gani kikao kinaposhindikana. Hilo ni la mwanasheria na mkurugenzi, wiki hii.

Nimalizie na safu ya mwisho ya daftari, ambayo watu hupenda kuiruka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 vifo vilizidi vya kawaida kwa takribani milioni 14.9, vikijumlishwa waliouawa na ugonjwa wenyewe na waliokufa kwa sababu huduma nyingine zilivurugika. Vilivyokuwa vimeripotiwa kuwa vya korona ni kama milioni 5.4. Katika tofauti hiyo wamo watu wa vijijini waliofia nyumbani, wakazikwa siku hiyohiyo au kesho yake, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwenye takwimu mtaa wao unaonekana salama, na mahali panapoonekana salama hapatengewi mtungi wa oksijeni.

Kila kifo kiandikwe: jina, umri, siku, alikuwa anaumwa nini kwa maelezo ya waliomuuguza. Kuandika vifo vipya kuanzie mwezi huu. Vile vya miaka miwili ile navyo bado vinaweza kupatikana, kwa sababu waliochimba makaburi wapo na wanakumbuka, lakini wengine wao ni wazee sana sasa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru. Niko tayari kwa maswali, na kama utaridhia, ningependa la kwanza litoke kwa mtendaji wa kijiji.