Swipa, Gongo Jipya na Kiwiko cha Mwanangu

Haya wapendwa, habari za nyumbani. Nipo Columbus, Ohio, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, macho mnayaona yalivyo. Narekodi kwa sababu swali la besiboli ni lile lile kila siku: "Mama Idi, mfundishe kijana swipa, na sisi wetu wajifunzie hapo." Nikinyamaza, naficha riziki. Nikitaja gharama, mmoja anasema najigamba, mwingine anasema nalalamika huku nakula dola. Leo naeleza, atakayenielewa vibaya basi.

Sheria za besiboli sirudii. Video zipo.

Swipa ni namna ya kurusha mpira ukahama pembeni, tazameni mkono wangu. Mnauona uzi mwekundu? Mishono 108. Kidole cha shahada na cha kati vinakaa jirani juu ya uzi, na wakati wa kuuachia, unaukata mpira ubavuni. Unakwenda kama umenyooka, halafu unahama. Machi 2023 kule Miami, fainali ya World Baseball Classic, mashindano ya besiboli ya mataifa, Shohei Ohtani wa Japani alimtoa Mike Trout wa Marekani kwa mpira huo: kama kilomita 140 kwa saa, ukahama pembeni sentimita 43, Trout akapiga hewa. Tangu siku ile kila mtoto mtaani kwetu anautaka.

Sasa sikilizeni hapa. Agosti mwaka ule ule, kano ya kiwiko cha Ohtani ikachanika. Septemba akapasuliwa, na msimu mzima wa 2024 hakurusha mpira hata mmoja kwenye mechi, alikuwa anapiga tu. Sisemi swipa ndiyo iliyomchana, mimi si daktari. Lakini Desemba 2024 ligi kuu ya besiboli ya Marekani yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji, ikataja kukimbizana na kasi, kusaka mizunguko ya mpira, na kutupa kila mpira kwa nguvu zote. Na wale wana kamera zinazoonesha kidole gani kimeuachia mpira mwisho, wana mashine za kuhesabu mizunguko, wana madaktari pembeni. Mimi nina simu hii na barafu kwenye friji.

Kwa hiyo Idi, miaka 14, anarusha mpira wa kasi na ule wa polepole wa kumlaghai mpigaji. Basi. Mwongozo wa umri wake ni mipira 95 kwa siku, mwisho, na akivuka 65 anapumzika siku nne. Nahesabu mwenyewe, kwa kalamu. Kuna kocha alininunia kwa sababu Idi alirusha 70 Ijumaa, nikakataa asirushe Jumapili. Akasema wageni hatuujui mchezo, na mtoto anasikia. Hilo bado linaniuma.

Magongo ya kupigia mpira nayo. Mnaniuliza topido, lile gongo la umbo jipya. Machi 2025 New York Yankees waliwafunga Milwaukee 20 kwa 9, mikwaju 9 ikavuka ukuta, na baadhi yao walishika gongo hilo. Ni mbao, unene umesogezwa kuelekea mikononi, pale mpigaji anapougusa mpira mara nyingi, ncha ikapunguzwa. Aliyelibuni, Aaron Leanhardt, amesomea fizikia. Halali kabisa. Ila msiniulize bei, sinunui, nina kidonda changu. Nilimnunulia Idi gongo la alumini kwa dola 280. Akaingia sekondari, mwamuzi akaligeuza, akatafuta muhuri wa BBCOR, alama kwamba gongo halirushi mpira kwa nguvu kupita kiasi, hakuuona, akaliweka kando. Dukani wakasema limeshatumika, hawalirudishi. Dola 280, ndugu zangu, hizo ni zamu zangu za usiku. Lipo kabatini.

Na karatasi! Kumsajili timu walitaka cheti cha kuzaliwa. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu, la babu limeongezeka. Wiki tano nazungushwa, huyu ananituma kwa yule. Mwenzenu nikawakumbuka wale watoto wa Uganda wa 2011, walioshinda nafasi ya kuja kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa tarehe za kuzaliwa zisizolingana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika pale. Wewe mzazi mwenye ndoto hiyo, linganisha majina ya mtoto kwenye kila karatasi leo, kabla hujatafuta glavu.

Haya ni ya kwangu na mwanangu. Mwingine hapa hapa Columbus mtoto wake anarusha swipa na hajaumia, siwezi kumsema. Kila mkono na mwenyewe.

Yule mwalimu wa Mwanza aliyeniandikia kwa adabu, nimekuona. Mpira huu nimeuchora kwa kalamu nyeusi vidole vinapokaa vya mpira wa kasi na vya ule wa polepole. Swipa sijaichora. Mpira utakufikia na mzigo wa Desemba.