Karatasi Baada ya Kuuza Bunduki

Mabibi na mabwana, najua wapo humu waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili hata wakalihifadhi kwa moyo. Hao nawaomba radhi, kwa kuwa nitalirudia: ukiuza bunduki yako, stakabadhi ya mauzo haina tarehe ya kutupwa.

Mzee mmoja wa Kisauni alinijia ofisini na bati la biskuti kwapani. Miaka mingi nyuma alimuuzia bunduki yake mtu mwenye cheti halali, na sasa alikuwa akitakiwa aeleze silaha ile iko wapi. Ndani ya bati mlikuwamo nakala ya kaboni iliyokwisha kuliwa na unyevu wa pwani, ikabidi tuiinue dirishani ndipo tuisome: "Bunduki moja, imelipwa yote, Bwana Ali." Bunduki ipi? Nambari iliyochongwa kwenye chuma haikuandikwa. Na huyo Bwana Ali, hebu mwiteni pale sokoni Kongowea asubuhi, mhesabu watakaogeuka! Mzee alizungushwa kwa miezi, naye hakuwa na kosa ila uvivu wa kalamu.

Mtaniambia kwamba Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kununua bunduki bila cheti, kwa hiyo serikali inayo kumbukumbu yake. Vyema, ila siku jalada hilo litakapokosekana, atakayeulizwa ni wewe.

Wengine mna watoto Marekani, nao huwaambia kwamba sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu asiye mfanyabiashara kuweka karatasi amuuziapo jirani wa jimbo lake. Ni kweli, ingawa yako majimbo yenye masharti yake. Lakini silaha ikiokotwa penye uhalifu, kituo cha ufuatiliaji kilichoko Martinsburg, West Virginia, huanzia kwa mtengenezaji, kikashuka hadi dukani, ambako fomu 4473, ile ijazwayo na anunuaye bunduki dukani, humtaja mnunuzi wa kwanza, na mara nyingi njia hukatikia hapo. Atakayepigiwa hodi ni mwanao.

Basi andikeni aina ya silaha na nambari yake, jina la mnunuzi kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya cheti chake, tarehe, na sahihi za wote wawili; kisha toeni fotokopi, mkaiweke mbali na ile ya asili. Kuhusu bunduki iliyoachwa na marehemu, ambalo ni suala zito zaidi, mwenyekiti ananionyesha saa. Nitamjibu pale nje yeyote atakayekuja na nyaraka mkononi.