Corolla ya Baba: temostati, waya za taa na mikanda iliyofichwa

DADA: Haya, tumerudi. Leo tumehamia uani, bonneti ya gari ipo wazi mbele yetu. Mkisikia kuku, wa jirani hao.

KAKA: Shikamoo dada. Na shikamooni wakubwa wote mnaotusikiliza.

DADA: Marahaba. Waambie ni gari gani.

KAKA: Corolla 110 ya Baba, ya mwaka 1996. Injini 5A-FE, cc 1498. Ni kile kizazi cha nane cha Corolla, kilichotoka Japani Mei 1995. Mimi nimepelekwa darasa la kwanza na gari hili.

DADA: Mimi nimejifunzia kuendesha humu, kabla sijaenda VETA kusoma ufundi magari. Kwa hiyo tunalipenda, tusifiche. Haya, simulia ya Kitonga.

KAKA: Juni nilikuwa nawapeleka Baba na Mama Mafinga. Mpaka Mikumi shwari. Tulipopita Ruaha Mbuyuni mshale wa joto ukaanza kupanda, na katikati ya mlima Kitonga ukagusa nyekundu. Lori mbele, lori nyuma, upande mmoja bonde. Nikapata upenyo nikaegesha, tukakaa zaidi ya saa nzima injini ipoe. Mama hakusema neno mpaka Ilula.

DADA: Kesho yake ukanipigia simu.

KAKA: Maana nilichanganyikiwa. Asubuhi ile Mafinga baridi kali, nimeendesha kilomita kumi na mshale haujanyanyuka. Gari lile lile! Jana linachemka, leo halipati joto.

DADA: Nikakwambia palepale kwenye simu: temostati haimo.

KAKA: Na kweli haikuwemo. Baba akakumbuka kuna fundi aliing'oa miaka ya nyuma, akamwambia kifaa hicho ni cha nchi za theluji, huku kwetu kuna joto hakina kazi.

DADA: Maneno hayo yananiuma, kwa sababu nayasikia kila gereji ninayopita. Temostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa ya baridi mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi mlango unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Sasa kwenye injini za namna hii, temostati ikifunguka, kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato, yale maji yasizunguke tena bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye mlima, injini inatwanga kweli, sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kupoa.

KAKA: Ndiyo Kitonga.

DADA: Ndiyo Kitonga. Na Mafinga kwenye baridi, injini haifiki joto lake. Kompyuta ya injini inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kumwaga petroli nyingi kama ya asubuhi. Oili nayo haipati moto wa kukausha unyevu. Umeharibu huku na huku, kwa kifaa ambacho bei yake haifiki nusu tangi ya petroli.

KAKA: Mimi nilipenda ulivyoijaribu mpya kabla ya kuifunga.

DADA: Kisufuria cha maji jikoni kwa Mama, temostati inaning'inia kwa uzi, na kipimajoto. Unaangalia inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Isipofunguka, unairudisha dukani kabla hujafungua hosi hata moja. Na unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndicho kinachotoa hewa.

KAKA: Halafu yale maji tuliyomwaga, jamani. Rangi ya chai ya maziwa.

DADA: Kutu na chumvi. Baba amekuwa akijaza maji ya kisima, na visima vyetu vingi hapa Dar vina chumvi. Tumesafisha mara nne mpaka yakatoka meupe, tukaweka kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Na feni nayo ilikuwa imeungwa dairekti: ukiwasha swichi, inazunguka mpaka unazima gari. Nimerudisha waya zake kwenye swichi ya joto kama zilivyotoka kiwandani.

KAKA: Hapo ndipo nilipoanza kukuelewa. Mimi nilikuja na orodha yangu, nataka rimu, nataka taa nyeupe, nataka gari linyanyuliwe. Wewe wiki tatu unarudisha tu vitu vilivyoondolewa.

DADA: Kwa sababu huwezi kuboresha gari ambalo hujui liko wapi. Kwanza lifike pale lilipokuwa siku linashuka bandarini. Nusu ya kilio cha "gari limezeeka" ni kazi za mafundi waliopita, zimerundikana moja juu ya nyingine.

KAKA: Ile ya kipande cha waya isimulie, tafadhali.

DADA: Ya kusoma taa ya injini? Hii inawafaa wengi wenye Toyota za miaka hiyo. Kuna kiboksi cheusi ndani ya bonneti, kina kifuniko na michoro ya matundu. Unatafuta tundu la TE1 na la E1, unayaunganisha kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lawama. Yetu ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, mara moja.

KAKA: Ishirini na moja.

DADA: 21, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Na plagi nilipozitoa zilikuwa na masizi meusi, ushahidi wa petroli kuzidi. Sensa mpya, plagi mpya, ukaitoa kidogo fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kompyuta na petroli, kompyuta isahau kosa la zamani. Ila msiunganishe matundu kwa kubahatisha. Kama maandishi ya kifuniko yamefutika, mwachieni fundi umeme.

KAKA: Taimingi belti je, ule mkanda unaoendesha vali za injini?

DADA: Nimebadilisha bila kuuliza, pamoja na wota pampu, kwa sababu hakuna anayejua ilibadilishwa lini. Kilomita 100,000 ndiyo kawaida yake.

KAKA: Sasa tuje kwangu. Kunyanyua gari.

DADA: Nilijua utafika.

KAKA: Dada, barabara ya kwetu unaijua. Mvua ikinyesha pale kona, chini panakwaruza. Wenzangu wote wameweka supesa, vile vipande vya kunyanyulia gari, juu ya shokapu.

DADA: Naijua, na hoja yako ni ya kweli. Lakini angalia ekseli hizi za mbele. Zilipangwa zikae karibu na usawa. Ukinyanyua gari kwa supesa nene, zinazunguka zimeinama, jointi zinachakaa, raba zinazozifunika zinachanika, mchanga unaingia kwenye grisi. Nilikwambia tupime kwanza. Springi za nyuma zilikuwa zimelala.

KAKA: Hilo nakubali. Ulipoweka springi mpya za vipimo vyake na shokapu mpya, nyuma ilipanda yenyewe. Pale kona sasa napita bila kukwaruza, nisipobeba watu watano na mizigo.

DADA: Na ukiwabeba?

KAKA: Nakwaruza. Bado natamani kidogo, nisikudanganye.

DADA: Basi tutalizungumza tena. Taa, hapo nakupa haki yako, ulilalamika kwa sababu ya msingi. Usiku taa zilikuwa za njano kama kibatari. Injini ikiwaka, betri inasoma volti 14, lakini kwenye soketi ya balbu tukapata chini ya 12. Volti mbili zimepotea njiani, kwenye waya za miaka karibu 30 na athi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, yenye kutu. Tukapitisha waya mpya nene kutoka kwenye betri, zenye fyuzi na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, swichi ya zamani ikabaki kuiamuru rilei tu. Balbu ni H4 za kawaida, wati 60 na 55.

KAKA: Nilitaka za LED.

DADA: Kioo cha taa hii kilichongwa kwa ajili ya waya mdogo wa balbu ya H4 kukaa mahali pake maalumu. Ukiweka LED ya bei rahisi, mwanga unatawanyika, wewe unaona kweupe na dereva anayekuja hakuoni kabisa, anaona jua. Sitaki gari la Baba limpofushe mtu barabara ya Morogoro.

KAKA: Redio haraka haraka. Redio za Kijapani za wakati huo zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90, ndiyo maana stesheni nyingi za kwetu hazikuingia. Tumeweka mpya, simu inaunganishwa kwa bluututhi, Baba anasikiliza taarabu. Lakini kitu kilichonigusa ni mikanda.

DADA: Sema wewe.

KAKA: Tulipovua kava za viti, mikanda ya nyuma ilikuwepo muda wote, mizima, imekandamizwa chini ya kava. Miaka yote hiyo sisi watoto tulikaa nyuma bila mkanda, na mkanda upo chini yetu. Nimeiosha kwa maji ya sabuni, nikamwita fundi cherehani akatoboa kava mpya mahali pa vifungo. Kazi ya mchana mmoja.

DADA: Ukienda sasa hivi kwenye gari lako, ingiza mkono katikati ya kiti cha nyuma na mgongo wake. Pengine vifungo vimo humo.

KAKA: Agosti nilirudi Mafinga na wazee wote wawili. Kitonga ile ile, nyuma ya lori la mbao, gia ya pili. Mshale ulikaa katikati mpaka juu. Mama akauliza mbona leo hatusimami.

DADA: Kimebaki nini?

KAKA: Breki za nyuma, zile za ngoma. Handibreki inapanda juu sana. Na tairi mbili za mbele zimeandikwa 2318.

DADA: Wiki ya 23 ya mwaka 2018. Hizo zimezeeka, zinatoka hata kama kashata, ile michongo ya tairi, bado zipo. Jumamosi saa mbili asubuhi uje, na uvae nguo za kazi.