Nani Amevaa Nyeusi? Mwanga na Kivuli katika Dos monjes

Mabibi na mabwana, jioni hii macho yafanye kazi zaidi ya masikio. Mwongozaji wa Mexico Juan Bustillo Oro aliitoa filamu ya Dos monjes, yaani Watawa Wawili, mwaka 1934, miaka miwili tu baada ya filamu ya Santa kuifungulia sinema ya Mexico njia ya sauti. Ni filamu ya maongezi, lakini ushahidi wake umo kwenye picha.

Ndani ya monasteri, mtawa Javier anamvamia mwenzake Juan kwa msalaba. Mkuu wao anawasikiliza, mmoja baada ya mwingine. Zamani wote wawili walimpenda Ana, na Ana alikufa kwa risasi. Basi kisa kilekile kinasimuliwa mara mbili. Tazameni mavazi: Javier akisimulia, yeye yuko katika rangi nyepesi, Juan amevaa nyeusi. Zamu ya Juan ikifika, rangi zinabadilishana. Kila mmoja anajivika wema.

Agustín Jiménez, aliyeshika kamera, alitokea kwenye upigaji wa picha za mnato, na inaonekana: fremu zimeinamishwa, matao yanawaelemea watu, vivuli ni vikali. Mbegu ni ya Kijerumani, ya Caligari, ile filamu ya kimya ya vivuli na kuta zilizopinda, na wenzake.

Wanaopiga picha hapa, mkitaka kuujaribu mtindo huu, tumieni taa moja ndogo na kali, chini ya usawa wa kidevu, ubavuni. Mhusika asogee karibu na ukuta, la sivyo kingo za kivuli zitafifia. Nguo iwe ya maziwa au kijivu hafifu. Nyeupe pe huungua, na ukipunguza mwanga kuiokoa, uso unazama gizani. Mwenye koti jeusi awekewe taa ya nyuma ya kuchora mabega. Na kamera isiinamishwe kila wakati, jamani! Jicho huzoea upesi.

Wengi huitaja filamu hii kwa sababu ya Rashomon, filamu ya Kijapani inayosimulia nayo kisa kimoja kwa vinywa tofauti, iliyokuja miaka 16 baadaye. Sawa, ila mimi naona hilo linaipunja. Bustillo Oro mwenyewe hakubaki kwenye vivuli hivi. Mwaka 1940 alikuwa akimwongoza mchekeshaji Cantinflas kwenye vichekesho vya Ahí está el detalle.

Leo tunaitazama katika nakala iliyorejeshwa na World Cinema Project, mradi wa kuokoa filamu za zamani, ikishirikiana na Filmoteca, hifadhi ya filamu ya UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico. Itafuteni hiyo. Katika nakala iliyochakaa, kijivu huweza kupotea, na kijivu kikipotea, koti la Juan na ukuta ulio nyuma yake huwa kitu kimoja.