Banda la Gari na Upepo wa Kusi

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Sehemu kubwa nitaitumia kwenye shimo la nguzo, kwa sababu mabanda mengi ya magari yanaharibikia huko.

Kabla ya shimo, pokeeni hiki kipande cha chuma mpitishiane. Taratibu, kingo zake zinakata. Hiyo ni sentimita 20 za chini ya nguzo ya banda nililolijenga mwenyewe, nyumbani kwa mama yangu mkubwa, hapa hapa Kigamboni, karibu na ufukwe. Rangi ya nje mnaiona, bado nzima. Sasa chungulieni ndani. Kutu imekula mpaka chuma kimebaki kama karatasi. Ile nguzo niliizika moja kwa moja kwenye zege, na kule juu nikaiacha wazi bila kuiziba. Mvua ikaingia kwa juu, maji yakatuama chini yakiwa na chumvi ya bahari, na sisi tunapita kila siku tunaona rangi inang'aa.

Usiku mmoja wa kusi banda likanyanyuka zima, likavuka ukuta, likatua uani kwa jirani. Nguzo mbili zilikatika hapo mnapopashika. Mbili nyingine ziling'oka na zege zake, kila zege kama ndoo ya maji. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini jioni ile ile watoto walikuwa wakicheza pale uani. Siku hizi sichukui kazi ya banda kabla sijakubaliana na mwenye nyumba juu ya ukubwa wa shimo.

Fundi atakwambia, "Hili ni banda tu, ni jepesi, halihitaji msingi." Wepesi wake ndio unaoniogopesha. Nyumba ina kuta, ina uzito, msingi wake unaibeba isididimie. Banda la gari liko wazi, upepo unaingia chini ya bati na kulisukuma juu, na mwingine unapita juu ya bati na kulivuta huko huko juu. Msingi wa banda kazi yake kubwa ni kulishikilia lisipae.

Tupige hesabu pamoja. Banda la gari moja, mita 3 kwa 6, ni mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 90 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 40 kwenye kila mita moja ya mraba. Zidisha kwa 18, unapata kama kilo 700 zinazovuta kwenda juu. Bati na vyuma vyote vya banda hilo havifiki kilo 300. Kinachobaki lazima kishikwe na zege. Shimo la sentimita 30 kila upande, ambalo ndilo mafundi wengi wanachimba, linabeba zege ya kilo 65 hivi. Mara nne ni kilo 260. Hapo bado hujavuka salama, na mchanga wetu wa huku haushiki kitu. Lakini chimba sentimita 60 kwa 60, kina 60, na kila nguzo itasimama kwenye zaidi ya kilo 500 za zege. Tofauti ni mifuko michache ya saruji na siku moja ya kuchimba.

Najua upepo wa kilomita 90 hauji kila mwaka. Lakini banda unalijengea miaka 20, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, majirani zetu hao.

Zege iwe moja, mbili, nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Ikiwa bado mbichi, zamisha bolti nne za milimita 12 zilizopindwa miguu. Nguzo ichomelewe kwenye bamba la chuma, bamba likae juu ya zege na kufungwa kwa nati. Uso wa zege unyanyuke juu ya sakafu kidogo na uwe na mteremko, maji yasituame. Nguzo yenyewe chukua skwea paipu ya inchi 3 kwa 3, unene usipungue milimita 2. Nendeni dukani na kipimo, kwa sababu nyembamba na nene kwa nje zinafanana. Kichwa cha nguzo kizibwe kwa bamba. Na kila palipochomelewa, zinki inayokinga chuma imeungua, kwa hiyo pasuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Huku pwani ukisema utapaka Jumamosi ijayo, utakuta kutu imeshaanza.

Wengi mnapenda banda lishikane na nyumba ili kupunguza nguzo mbili. Inawezekana, ila bolti ziingie kwenye lenta, yaani mkanda wa zege. Tofali la mchanga na saruji litapasuka na bolti itatoka nalo. Halafu angalieni mdomo wa banda umeelekea wapi. Kama umeelekea kusini mashariki, na nyuma kuna ukuta mzima, mmelijengea kusi mfuko. Upepo unaingia na kukosa pa kutokea, basi unanyanyua bati. Acheni nafasi ya kutosha kati ya ukuta na paa, angalau nusu mita, upepo upite zake.

Vipimo sitakaa navyo sana. IST haifiki mita 4, Noah inakaribia mita 4.7, Prado inazidi kidogo hapo. Mita 6 za urefu zinawatosha wote. Upana ndio unaosahaulika: egesha gari, fungua milango ya pande zote mbili, mweke bibi yako ashuke bila kujipinda, ndipo upime. Chini ya mita 3 msikubali.

Juu, bati la geji 28 ni bora kuliko la geji 30. Kumbukeni namba ikiwa ndogo bati ni nene. Msitumie misumari, upepo unaing'oa kidogo kidogo. Tumieni skrubu zenye mpira, zipigwe kwenye tuta la bati, wala si kwenye bonde, na kwenye kingo zikaribiane zaidi kwa sababu bati huanza kufunuka pembeni. Kila mita moja paa lishuke sentimita 10. Mvua ya milimita 50, na masika huwa nazo za namna hiyo, inamwaga lita 900 kutoka kwenye paa hilo dogo. Wekeni mfereji na tanki. Maji hayo yakielekezwa kwa jirani ni ugomvi, na jirani atakuwa na haki. Kuhusu kibali, piteni ofisi ya manispaa kabla ya kuchimba, hasa kama banda linagusa nyumba au mpaka wa kiwanja.

Mzee wangu hapo mbele aliniuliza kuhusu makuti. Mzee, kwa ubaridi hayana mpinzani, na mimi nayapenda. Lakini gari lina petroli na betri, na makuti yakishika moto hayasubiri maji. Kwa mgahawa wa ufukweni, sawa. Juu ya gari, ubavuni mwa chumba wanacholala wajukuu zako, hapana.

Na mama aliyenyoosha mkono, umesema banda lako limeshajengwa, ufanyeje? Usilibomoe. Mwezi Februari, kabla ya masika, chukua nyundo ndogo ugonge nguzo kuanzia chini kwenda juu. Chuma kizima kinalia kwa sauti moja. Ukifika mahali sauti inakufa, hapo ndani kumeoza, muite fundi akate na kuweka mguu mpya. Kisha fukua pembeni ya nguzo moja uone zege imeishia wapi. Ikiwa ni ya ndoo, inaweza kuongezwa kwa kuizungushia nyingine yenye nondo zilizoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika ile ya zamani. Kazi ya siku mbili. Nitabaki hapa nje baada ya kikao, mwenye picha ya banda lake kwenye simu aje nayo.