Usambara: Ingieni kwa Upande wa Bahari

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana hamjambo. Asanteni kwa kunialika hapa Kampala. Uganda haina pwani, lakini ina Rwenzori, Elgoni na Muhabura, kwa hiyo sikuja kumfundisha mtu kupanda mlima. Nimekuja kuwaeleza habari za milima inayonyweshwa na bahari, milima ya Usambara, mkoani Tanga, Tanzania, na kuwasihi muianze kwa upande wake wa bahari.

Wageni wengi hushuka basi Mombo, hupanda kona zile mpaka Lushoto, hupiga picha Irente, kisha huyo, wamerudi. Irente ni pazuri kwelikweli. Unasimama ukingoni mwa mwamba, na tambarare iko chini yako kama mita 1,000. Lakini upande ule ndio mvua inakoishia, na mgeni aliyeona huo tu huondoka hajaelewa kwa nini juu ni kijani na chini ni vumbi.

Laleni kwanza Tanga au Pangani, mpigwe na upepo. Upepo huo hutoka Bahari ya Hindi umejaa unyevu, na ukuta wa kwanza kukutana nao ni Usambara Mashariki, kilomita 40 hivi kutoka pwani. Hapo hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Amani, iliyo juu ya milima hiyo ya mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa sababu ya maji hayo msitu ulinusurika hata zama ambazo misitu mingi ya Afrika ilisinyaa, na umehifadhi viumbe ambavyo ni adimu mno kwingineko. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, Saintpaulia, asili yake ni huku. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Ninyi mtaliona kwao lenyewe, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu.

Amani mnapanda kutokea Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe nyingi za dunia. Mmoja mtautambua mara moja: musizi. Shina limenyooka, majani yana meno pembeni, ndio huohuo mnaoupanda kwenye kahawa na kuupasua mbao. Kule ni mgeni. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu, na umejipenyeza ndani ya msitu wa asili mpaka wahifadhi wanahangaika nao. Simameni chini yake mumwombe kiongozi wenu awasimulie. Nusu saa hiyo ina faida kuliko picha mia.

Usiku tokeni na tochi. Kinyonga akilala hupauka, hujishikiza kwenye ncha ya kijiti, na mwanga humfichua hapohapo. Msimguse.

Kisha zungukeni bonde la Lwengera mwende Usambara Magharibi. Sasa Lushoto itawaeleza mengi: mashamba ya kabichi na karoti yaliyoning'inia kwenye miteremko, msitu wa Magamba juu yake. Chukueni kijana wa hapo awaongoze kwa miguu, kijiji hadi kijiji, mpaka Mtae. Hapo ndipo mtakaposhukuru Kiswahili chenu, maana mtakaa na wazee wa Kisambaa mkazungumza bila mkalimani, mkauliza habari za Vuga, mji mkuu wa zamani wa Wasambaa, na watawala wao wa ukoo wa Kilindi. Mtae iko ukingoni kabisa. Mbele yenu ni nyika ya Mkomazi, kavu, kwa kuwa upepo umekwisha mwaga maji yake nyuma yenu.

Bebeni pasipoti, kitambulisho cha taifa hakitoshi kuingia Tanzania. Bebeni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenye geti la hifadhi ya msitu ulizeni kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza vibaya. Juni hadi Septemba ni nzuri, ila sweta ni lazima.

Dada pale mbele ameuliza kuhusu watoto. Amani inawafaa sana, njia ni fupi na vya kutazama ni vingi. Safari ya Mtae kwa miguu ingojeni mpaka waweze kutembea kutwa nzima bila kubebwa.