Hodi kwanza, mashini baadaye: niliyowaambia wahudumu wapya wa afya ya jamii, Kisauni, Mombasa

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Walioko nyuma sogeeni mbele viti vipo, feni ya huko haizunguki na joto hili la kaskazi kuisha mnalijua wenyewe. Karatasi za maandishi sikuleta, nitazungumza tu, na mtu akiwa na swali ainue mkono hapo hapo asingoje mwisho maana mwisho watu hukumbuka ferri na magari.

Nyinyi ndo mmeingia juzi kwenye kazi hii. Nyumba karibu mia moja kila mmoja wenu, posho shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, najua mnajua haitoshi na sitajifanya inatosha. Mkoba pia mmepewa ama mtapewa, ile mikoba iliyoanza kugawiwa Septemba 2023 wakati wahamasishaji wa afya ya jamii kama nyinyi, laki moja, walipozinduliwa nchi nzima: mashini ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto kama ana utapiamlo. Vitu vizuri. Zamani tulikuwa tunatembea na daftari na kalamu peke yake. Lakini nataka niseme kitu kimoja leo na nitakizunguka kwa njia nyingi, kwamba mafunzo mengi yanatufundisha mashini halafu hayatufundishi kubisha hodi, na kazi yetu nusu yake na zaidi iko pale mlangoni.

Ngoja niwape yangu. Mwezi wangu wa kwanza na mashini nilikwenda nyumba moja Majengo, ghorofa ya tatu, ngazi zile nyembamba za giza. Mama mwenye nyumba alikuwa ndo kafika kutoka sokoni, kikapu hajakitua vizuri, mtoto yuko kiunoni, na mimi nilikuwa na haraka maana nilikuwa nimejipangia nyumba kumi siku hiyo. Nikamkalisha kwenye ukingo wa kitanda miguu inaning'inia, nikamfunga ule mkanda juu ya mkono wa buibui, tukaendelea kuzungumza huku mashini inavuma. Ikasoma 168 juu, 100 chini. Nikamwambia mama una presha, tena kali. Yule mama usiku hakulala. Asubuhi bintiye akampeleka kliniki, akakalishwa akapumzika, akapimwa mara mbili, 126 kwa 80. Miezi sita hakunifungulia mlango, na majirani zake wa ngazi ile wakaacha kunifungulia pia, na mimi sikuwa na la kusema maana kosa lilikuwa langu, lakini pia hakuna aliyekuwa amenionyesha. Niliambiwa bonyeza hapa, soma hapa, andika hapa.

Sasa sikilizeni vile inavyofanywa. Mtu akae kwenye kiti chenye mgongo, aegemee, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu haikupishana. Kama ana haja ya msalani aende kwanza, kibofu kikijaa presha hupanda. Kama katoka kunywa kahawa chungu ama kuvuta sigara, ngoja nusu saa. Dakika 5 za kimya kabisa, wewe pia unyamaze, simu uweke kando. Mkono utulie juu ya meza ama mto, mkanda ulingane na moyo, na ufungwe juu ya ngozi, sio juu ya buibui wala kanzu wala shati la mkono mrefu. Kwa mwanamke hapa ndo pana adabu yake, muombe mwingie chumbani, na kama wewe ni kijana wa kiume mtafute mwenzako wa kike, usimlazimishe mtu. Pima, ngoja dakika moja ama mbili, pima tena. Ikiwa 140 kwa 90 ama zaidi usiseme una presha, sema nimeona namba iko juu kidogo nitarudi siku nyingine tupime tena, na ikibaki juu muandikie ile fomu ya rufaa, MOH 100, aende kituo cha afya. Ikigonga 180 kwa 120 na kichwa kinamuuma sana ama kifua, ama haoni vizuri, hapo hakuna kurudi kesho, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na dawa za mtu usizibadilishe hata akikuomba.

Zile dakika tano za kimya, mtu akishapumzika mkamaliza kupima, huanza kuzungumza mwenyewe. Atakwambia kuhusu mume, karo, usingizi. Hapo ndo unajua familia inaishi vipi.

Haya, mazoezi. Ukitaja mazoezi kwa nyumba nyingi za hapa watakwambia hayo ya vijana wa jimu, ama ya wale wanaokimbia barabara ya Mama Ngina kando ya bahari na raba za rangi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwili kushughulika kwa kiasi, watoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kwa siku, na wazee kuanzia 65 waongeze mazoezi ya kusimama imara siku tatu kwa wiki wasije wakaanguka. Zamani walikuwa wanasema lazima iwe dakika kumi mfululizo ndo ihesabiwe, mwaka 2020 hilo likaondolewa, kila dakika inahesabiwa. Hii kwetu ni habari kubwa sana jamani, maana mama mwenye watoto wanne atapata wapi nusu saa ya peke yake, lakini dakika nne hapa, sita pale, kupanda ngazi badala ya kumtuma mtoto, kutembea hadi steji ya pili, hizo anazipata. Na akiuliza kiasi ni kipi muambie hivi, ukitembea uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Hakuna mashini inayohitajika hapo.

Lakini kabla hujamwambia mtu afanye mazoezi muulize siku yake ikoje. Nilimfuata mhudumu mmoja mgeni akamwambia mvuta mkokoteni wa Kongowea atembee nusu saa kila siku. Yule ami kavuta magunia ya viazi tangu alfajiri mpaka adhuhuri! Alimtazama tu, hakumjibu. Huyo umuulize kuhusu maji, chumvi, mgongo, usingizi. Mke wake ambaye anakaa nyuma ya meza ya viazi karai kutoka saa kumi jioni mpaka saa nne usiku hajanyanyuka, ndo wa kumwambia asimame kila baada ya muda. Nyumba moja, watu wawili, maneno tofauti.

Bibi wa miaka sabini mtilie kiti imara kiegemee ukuta, mkono kifuani, asimame akae, asimame akae, mara tano tu mwanzo, mjukuu awe kando yake. Na wanawake ambao hawataki kuonekana barabarani wasilazimishwe barabara, kuna ua, kuna sebule mlango ukafungwa, na chakacha ipo, ile ngoma yetu ya kuchezesha kiuno. Nawaambia kwa moyo wangu wote, robo saa ya chakacha ya kweli kiuno kinavyofanya kazi mtu anatoka jasho jepesi na pumzi imepanda, na hakuna mama wa hapa anayehitaji kufundishwa. Kuna kikundi cha kina mama Bombolulu wanakutana kwa ajili ya mzunguko wao wa pesa kila Jumamosi, sasa kabla ya kuhesabu hela wanacheza kwanza. Sikuwaletea mimi, walianza wenyewe baada ya mhudumu wao kuwauliza tu mnapenda nini. Mwenye sukari anayetumia insulini ale kitu kidogo kabla ya mazoezi, na avae viatu vinavyofunika vidole, asitoke na ndara, kidonda cha mguu kwake si jambo dogo.

Chakula nitapita haraka, kuna mwenzangu atakuja kesho. Msiingie nyumba ya watu mkaanza kutukana nazi. Sisi tunakula sinia moja, huwezi kumwambia mke ampikie baba chungu chake mbali, kwa hivyo ukipunguza chumvi umepunguzia sinia zima, hata watoto. Kiasi cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo, na ndani ya hicho mna ile ya kwenye mchuzi, achari na bhajia za jioni. Chai vijiko vitatu vya sukari vishuke viwili, wiki mbili ulimi unazoea. Na usizungumze na mpishi peke yake, zungumza na anayenunua.

Lipo jambo limenikaa moyoni. Mafunzo niliyopata mimi yalikuwa siku tatu ukumbini, tumeketi kutoka asubuhi mpaka jioni, tunafundishwa umuhimu wa mazoezi na hakuna mtu aliyesimama ila kwenda kunywa chai. Mtu aliyefundishwa hivo akienda nyumba ya watu atafanya vivyo hivyo, atakaa kwenye kochi lao aseme maneno. Ndo maana nimeomba nyinyi msifundishwe hivo. Mwezi wa kwanza kila mmoja wenu atatembea na mhudumu wa zamani nyumba kwa nyumba, hasemi kitu, anatazama tu yule wa zamani anavyosalimu, anakaa wapi, anaondoka lini. Mwezi wa pili atasema na yule wa zamani atanyamaza. Na kila mmoja wenu aanze na nyumba yake mwenyewe, apime wa kwake, atembee na wa kwake, jirani anatazama zaidi ya anavyosikia.

Swali? Eeh, mama wa pale mbele anauliza je wakikataa kufungua. Unarudi, dada. Yule mama wa Majengo nilirudi mara nne sina mkoba mkononi, mara ya nne nilimletea mabuyu ya mtoto, nikamwomba radhi mlangoni. Akaniambia ingia, lakini hiyo mashini yako leo usiitoe. Nikaingia sikuitoa. Siku hizi yeye ndo huniita.

Haya inukeni, mkae wawili wawili. Mmoja awe mwenye nyumba, mwingine atoke nje ya ukumbi, apande zile ngazi, kisha arudi abishe hodi. Mwenye nyumba usimfungulie mara ya kwanza.